Bega la kijana linaweza kuwa limelegea hata kama halijawahi kutoka

Kwa Mhariri,

Naandika kutoka Kisumu. Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, siku za wiki niko kliniki na wikendi mara nyingi utanipata kando ya uwanja na mfuko wa bandeji, iwe raga au voliboli. Nataka kuongea juu ya kitu kimoja tu manake kinarudi kila msimu na kinaniuma. Kijana wa miaka 16 au 17 analalamika bega, anapelekwa hospitali, anapigwa eksirei, picha inarudi safi, basi anaambiwa ni misuli tu, anapewa dawa ya maumivu na maneno yanaishia hapo. Miezi inapita bega bado linauma. Akirudi mara ya pili anadungwa sindano ya steroidi. Mara ya tatu kocha ameanza kusema huyu mtoto amekuwa mvivu, ama anaogopa kugongwa, na mzazi naye anaanza kuamini. Wengi wa hao watoto si wavivu na si waoga, bega lao limelegea na hakuna mtu ameliangalia vile linafaa kuangaliwa.

Shida ni kwamba watu wengi wanajua bega la kuteguka la aina moja tu, lile linatoka mzimamzima, umbo linabadilika, mchezaji anashikilia mkono kwa ule mwingine na uwanja wote unajua kumeharibika. Hilo hakuna anayelikosa. Lakini kuna hili lingine ambalo mfupa unateleza kidogo tu kwenye ukingo halafu unarudi wenyewe kabla hata refa hajapuliza filimbi, na mara nyingi mwenye bega hasikii kitu chochote kikiteleza, anasikia uchungu wa ndani ndani, au mkono unamfia kwa sekunde kadhaa hauna nguvu hata ya kushika mpira, kisha unarudi na anaendelea kucheza. Ukimuuliza, bega lako limewahi kutoka? atakujibu hapana, na anasema ukweli. Sasa ukiandika kwa faili "hajawahi kuteguka" na ukafunga ukurasa, ushampoteza.

Nieleze kidogo kwa msomaji ambaye hajawahi kuona picha ya bega kwa ndani. Hakuna kiungo kingine mwilini kinachozunguka kwa upana kama bega, na ili kizunguke hivyo hakikuwekewa ukuta wa mfupa. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, mahali kinapokaa ni padogo na hapana kina. Kinachosaidia kisitoke ni utepe wa gegedu uliozunguka ukingo, madaktari wanauita labramu. Si unajua vile mama akibeba mtungi kichwani anaweka ngata chini yake, basi labramu ndiyo hiyo ngata, ikichanika upande mmoja mtungi hauanguki papo hapo, unaweza hata kufika nyumbani, ila njia nzima unayumba. Halafu kuna kifuko cha kiungo na kano zake, na ile kubwa zaidi iko chini upande wa mbele, ndiyo inakaza ukiinua mkono na kuurudisha nyuma kama unarusha jiwe. Juu ya hivyo vyote kuna misuli 4 midogo inayokivuta kichwa cha mfupa kikae katikati. Vitu vya ndani vikilegea hiyo misuli inafanya kazi ya watu wawili, inachoka, inaanza kuuma, na ndiyo maana daktari akibonyeza anapata kweli misuli inauma. Inauma, sikatai. Lakini mtoto wa miaka 17 ambaye hajabeba mzigo wowote wa ajabu, misuli yake inachoshwa na nini? Hilo ndilo swali halijaulizwa.

Hata madaktari wa mbali walidanganywa hivyo hivyo na mahali panapouma. Miaka ya 1980 huko Marekani warushaji wa besiboli vijana walikuwa wanafanyiwa operesheni ya kukwangua mfupa wa juu ya bega, ikiaminika ndio unabana kano, na wengi wao hawakurudi kwa kiwango walichokuwa nacho. Frank Jobe, daktari wa mifupa wa Los Angeles, na wenzake ndio walisukuma sana ile hoja kwamba kwa kijana anayerusha, huko kubanwa kunaweza kuwa ni matokeo tu, chanzo ni bega kulegea upande wa mbele. Yaani walipasuliwa mahali ambapo si penye shida. Na mwaka 2011 Pascal Boileau wa Nice, Ufaransa, pamoja na wenzake waliandika juu ya wagonjwa 20 ambao hawakuwahi kuteguka wala kusikia bega likiteleza, walikuja na uchungu peke yake, na ndani ya kiungo wakakutwa na yale majeraha ya bega linaloyumba. Wagonjwa 20 ni wachache, najua, lakini niliposoma ile ripoti niliwaona kabisa vijana wetu wa huku, wale wa raga ya Kakamega na mabinti wa voliboli wanaopiga smashi kutoka asubuhi hadi jua linazama.

Uchunguzi wenyewe wa kwanza hauhitaji mashine yoyote, na hiyo ndiyo inanifanya niandike kwa uchungu hivi. Unamlaza kijana chali, unaupeleka mkono wake kando usawa wa bega, kiwiko kimekunjwa, halafu unauzungusha pole pole kurudi nyuma huku unamwangalia usoni. Mwenye bega ambalo limeshawahi kutoka ataogopa, atakaza mwili au atakushika mkono, ati daktari hapo basi. Lakini huyu ninayemuongelea hataogopa, atasema tu hapo ndipo panauma, ule uchungu wenyewe wa uwanjani. Sasa weka kiganja chako mbele ya bega ukisukume kile kichwa cha mfupa kirudi nyuma kidogo. Uchungu ukiisha hapo hapo, na ukiachilia taratibu ukirudi, umepata habari ambayo eksirei ya mbele haingekupa. Kisha mketishe, vuta mkono kwenda chini uone kama kunatokea kishimo chini ya mfupa wa juu ya bega, na usikilize kichwa cha mfupa kwa vidole vyako kikisukumwa mbele na nyuma. Na usisahau kufanya hayo yote kwa bega la upande wa pili, manake bila kulinganisha hujui kwake kawaida ni ipi.

Hapo kwa hilo neno "kawaida" niseme kidogo, juu watu wanachanganya. Kuna watu wamezaliwa na viungo laini, kidole gumba kinagusa mkono kwa ndani, kiwiko kinapinda kupita ilivyo kawaida, kuna kipimo cha alama 9 kinachoitwa cha Beighton cha kuwahesabia. Wengi wao hawaumwi. Bega linaweza kuwa laini mpaka ushangae na mwenyewe anacheza vizuri miaka yote. Tunaita ni shida pale ulaini unapoleta uchungu au mkono kufa, na ndio maana mtu hawezi kupelekwa kupasuliwa kwa sababu bega lake linasogea tu. Ukifanya hivyo utampasua mtu asiye na shida yoyote.

Kuna pia lile la kulegea upande wa nyuma, ambalo ni la siri zaidi. Mchezaji wa mbele kwenye skramu ya raga, pale timu mbili zinaposukumana, au yule anayesukuma wapinzani mikono ikiwa imenyooka mbele, au kijana wa jim anayesukuma vyuma akilala chali, bega lake linasukumwa kwenda nyuma mara nyingi mpaka labramu ya nyuma inachanika. Huyu karibu kamwe hatakwambia bega linatoka. Atakwambia push-up zinamuuma, kusukuma mlango kunamuuma. Ukimfanyia kipimo cha mbele peke yake utamkuta mzima. Na kwa wahudumu wa zamu ya usiku, tafadhali sana, mtu aliyepata degedege la kifafa au aliyepigwa na stima akija na bega linalokataa kuzungushwa nje, usiridhike na picha moja ya kutoka mbele, bega lililotoka kwa nyuma linaweza kuonekana karibu la kawaida kwenye hiyo picha. Omba picha ya pili ya upande, ile inayopigwa kupitia kwapani. Ni mashine ile ile, ni kumgeuza tu.

Hiyo picha ya pili ina faida hata kwa watoto wetu wa michezo, juu inaweza kuonyesha ukingo wa mfupa uliomeguka mbele, na picha nyingine mkono ukiwa umezungushwa ndani inaonyesha lile bonde nyuma ya kichwa cha mfupa ambalo Hill na Sachs, madaktari wa picha wa San Francisco, walilieleza mwaka 1940. Bonde likiwepo mfupa ulishagonga ukingo, hata mwenyewe akiapa kwamba bega halijawahi kutoka. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ni nzuri, na iliyo bora kwa hii kazi ni ile ambapo dawa ya kung'arisha picha inadungwa kwanza ndani ya kiungo ndipo michaniko midogo ionekane, lakini si rahisi, ni pesa na ni safari, na mzazi wa Budalang'i au Usenge akiambiwa alete MRI anaweza kuuza mbuzi halafu picha irudi imeandikwa hakuna kitu. MRI safi pia haimalizi kesi. Kuna majeraha ambayo daktari anayaona tu akishaingiza kamera ndani, na kabla hajaingiza, mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi misuli imelala, anayapima mabega yote mawili upya kwa mikono. Bega lililokuwa linajikaza kwenye kochi la kliniki hapo linasema ukweli wote.

Sasa matibabu. Mimi ni mtu wa mazoezi lakini sitadanganya watu kwamba mazoezi yanatibu kila bega. Burkhead na Rockwood wa Marekani walichapisha mwaka 1992 matokeo ya mpango wao wa mazoezi, na kwa mabega yaliyolegea bila ajali yoyote, matokeo yalikuwa mazuri kwa asilimia 80, lakini kwa yale yaliyoanza kwa kuumia yalikuwa mazuri kwa asilimia 16 peke yake. Ona hiyo tofauti. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni ilianza vipi? Kuna binti mmoja wa voliboli mwenye viungo laini tangu utotoni, mabega yote mawili yanamuuma, hakuanguka wala kugongwa, huyo ni wangu kwa miezi 6 hivi, tunajenga ile misuli midogo, tunafundisha mfupa bapa wa mgongoni ukae sawa mkono unapopanda, tunapunguza idadi ya smashi, na mara nyingi kisu hakihitajiki. Lakini kijana aliyeangukia mkono ulionyooka kwenye raga na tangu siku hiyo bega si lile, ambaye amefanya mazoezi kwa uaminifu na bado, huyo kumshikilia kwangu ni kumchelewesha, aende kwa daktari wa mifupa anayejua mabega.

Akienda, mzazi ajue anaingia wapi. Operesheni inayofanywa sana kwa upande wa mbele inaitwa ya Bankart, kwa jina la daktari wa London aliyeeleza mwaka 1923 kwamba shida yenyewe ni labramu na kifuko kubanduka kutoka ukingoni, kwa hiyo virudishwe vilipokuwa. Zamani ni kupasua wazi, siku hizi wanaweza kupitia matundu madogo kwa kamera, wanaweka vinanga, yaani vishikizo vidogo, kwenye ukingo wa mfupa na kufunga labramu kwa uzi. Kama ukingo wa mfupa umeliwa sana, kushona peke yake hakutoshi, hapo kuna njia ya Mfaransa Latarjet ya mwaka 1954, wanahamisha kipande cha mfupa kutoka mbele ya bega na kukifunga kwa skrubu kwenye ukingo uliopungua. Na kwa mwenye kifuko kilicholegea pande zote, Neer na Foster walionyesha mwaka 1980 namna ya kukikunja na kukipunguza chenyewe. Upande wa nyuma nao una mshono wake. Ni operesheni tofauti kwa shida tofauti, kwa hivyo daktari ambaye hajasema shida iko upande gani na mfupa umebaki kiasi gani bado hajafika mahali pa kushika kisu.

Kuna jambo moja la historia ambalo huwa nawaambia wanafunzi wanaokuja kwangu mafunzoni. Miaka ya 1990 ilitokea njia mpya, kuingiza kifaa cha moto kwenye kiungo na kukichoma kifuko ili kijikunje, ikasifiwa sana juu ilikuwa haraka na rahisi. Baada ya miaka michache kifuko kilikuwa kinalegea tena kwa watu wengi, na wengine vijana kabisa wakapoteza gegedu lote la bega, jambo ambalo halirudishwi. Njia hiyo imeachwa. Kati ya walioumia walikuwemo vijana ambao mabega yao yalilegea kidogo tu, hawa hawa ninaoandika juu yao, manake shida ndogo inamvutia mtu kutafuta dawa ya mkato. Na huku kwetu bado kuna mabega yanayochomwa au kuchanjwa na kuvutwa kijijini. Wazee wa kukanda mifupa nawaheshimu, wamesaidia watu wengi waliokuwa hawana hospitali karibu, lakini bega linalouma bila kutoka nawaomba wasilivute.

Baada ya operesheni ndipo naona kazi nyingi nzuri ikiharibika. Mkono unafungwa shingoni wiki 4 mpaka 6, ukitolewa tu kwa mazoezi madogo ambayo fizio amesema, halafu miezi ya kurudisha mzunguko, halafu nguvu, na kukabana kwenye raga ni karibu nusu mwaka au zaidi. Si kwamba fizio ana roho mbaya, ni kwamba labramu inashika kwa mfupa kwa mwendo wake, mechi ziwepo zisiwepo. Shule nazo zina kalenda, muhula wa pili unakuja na voliboli, netiboli na raga ya saba kila upande, na mtoto ambaye haumwi tena wiki ya 10 anaonekana amepona. Hajapona. Pia mzazi aambiwe kabla ya kutia sahihi kwamba bega linaweza kukakamaa, linaweza kupata maambukizi, neva inayopita hapo chini inaweza kuguswa, na linaweza kulegea tena, hasa kwa kijana anayerudi kwenye mchezo wa kugongana. Na aulize mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipa nini na hivyo vinanga atavinunua nani, na fizio wa hiyo miezi yote atakuwa wapi na nauli ni ngapi, juu operesheni Kisumu au Eldoret bila mazoezi karibu na nyumbani ni nusu ya matibabu.

Makocha siwalaumu, wengi nawajua, wanalipia watoto chakula na nauli kutoka mfukoni mwao. Ninachowaomba ni kidogo. Mchezaji akisema mkono ulimfia kwa sekunde, iandikwe tarehe na alikuwa anafanya nini, na akirudia mara ya pili akae nje mpaka apimwe. Kwa wenzangu wa hospitali, kijana akirudi na bega lile lile na eksirei safi mkononi, kabla ya sindano nyingine mlazeni chali mfanye kile kipimo cha dakika 2. Sindano ya steroidi inanyamazisha uchungu kwa muda, labramu inabaki imechanika, na kijana anarudi uwanjani bila hata ule uchungu wa kumwonya. Na kwa serikali za kaunti huku magharibi, fizio awepo mpaka hospitali ndogo za mashinani, si lazima mashine kubwa, ni mtu, kochi na mipira ya kuvuta.

Mzazi ukiwa na mtoto wa namna hii, swali la kumuuliza daktari ni hili: umelipima bega lake kuona kama limelegea, mbele na nyuma, na umelilinganisha na lile lingine? Akisema bado, muombe kwa heshima afanye mkiwa hapo.

Wako,
Mfiziotherapia, Kisumu